Kufufua Paneli ya LCD ya Laptopu Iliyoharibika Ukiigeuza Skrini ya Sola

Laptopu ikifa ubao mama, paneli yake mara nyingi bado ni nzima. Ndiyo maana kuanzia Kisumu hadi Busia utakuta paneli ya inchi 15.6 imefungwa kwenye fremu ya mbao, nyuma yake bodi ya tivi aina ya V59 inayoipelekea picha, na yote yanaendeshwa na betri ya sola ya volti 12. Umeme unaotumika ni mdogo, takriban wati 8 hadi 12 kwa paneli na bodi pamoja. Shida huja katikati ya kazi: kebo imechomekwa kinyume, jampa (kipini cha kuchagua volti kwenye bodi) imeachwa kwenye volti 12, wembe umeteleza juu ya skrini, au paneli yenyewe ilitoka katika nyumba iliyoingiwa na maji. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Kuna jambo moja la kuliweka kichwani kabla hujatoa hata shilingi. Kioo chenyewe hakitengenezwi, ila karibu kila kinachokizunguka hutengenezeka. Paneli ni tabaka juu ya tabaka. Nyuma kabisa kuna karatasi nyeupe inayorudisha mwanga, kisha bamba la akriliki linalosambaza mwanga wa taa za ukingoni, kisha karatasi mbili hadi nne za kutawanya na kuelekeza mwanga huo. Juu yake ndipo kuna kioo: vipande viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, fuwele kioevu ikiwa katikati yake, na kila upande umebandikwa filamu ya polaraiza, yaani ya kuchuja mwanga. Kwenye ukingo wa chini wa kioo unapita ubao mwembamba wa saketi, nao umeunganishwa na kioo kwa ndimi laini za plastiki zilizobeba chipu. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni tabaka gani limekufa.

Soma ugonjwa kabla ya kushika bisibisi

Washa paneli ikiwezekana, isipokuwa iliyolowa maji, kisha iangalie ndani ya chumba chenye giza.

Doa jeusi lililosambaa kama wino, pamoja na mistari iliyotawanyika kutoka sehemu moja, ni kioo kilichopasuka. Fuwele imevuja na hewa imeingia, na hakuna gundi wala mashine ya mtaani itakayokirudisha. Hata hivyo usiitupe paneli hiyo. Taa zake, karatasi zake, fyuzi zake na konekta yake ndizo zitakazofufua nyingine, na fundi anayeweka paneli mbili tatu zilizopasuka chini ya meza hukwama mara chache.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, mulika tochi ya simu kwa mshazari, karibu sana na skrini. Ukiona picha hafifu ikicheza, kioo na data viko sawa na kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Skrini ikiwaka nyeupe au kijivu bila picha, mwanga upo lakini kioo hakipati data au hakipati umeme wake. Mistari ya wima inatokana na chipu au ndimi za upande wa chini, na ya mlalo inatokana na upande wa pembeni. Mikwaruzo, viputo na madoa ya kahawia yanayoonekana hata skrini ikiwa imezimwa ni ya polaraiza. Mawingu meupe yenye kingo kama ramani, yanayoonekana tu taa zikiwaka, ni maji yaliyokauka kati ya karatasi za mwanga.

Paneli inaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Tengeneza la umeme kwanza. Hakuna maana ya kubandika filamu mpya juu ya kioo ambacho hujui kama kitaonyesha picha.

Vifaa

Utahitaji maltimita, kifaa cha kulehemu chenye ncha nyembamba kilichowekwa nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi, flakisi (dawa ya kulehemu), kibano, kipande cha plastiki chembamba cha kufungulia, tepu ya Kapton inayostahimili joto, glavu zisizo na poda, vitambaa laini vya kusafishia miwani, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa si mbadala. Ina maji, na mara nyingi ina mafuta yanayobaki juu ya kioo. Ukiweza pata pia pawasaplai inayorekebishika hadi volti 30 na yenye kizuizi cha mkondo. Bodi za V59, kebo na filamu za polaraiza, ukizikosa mjini kwako, huagizwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na hufika Kisumu au Nakuru kwa gari la usiku. Paneli zilizopasuka utazipata bei rahisi, pengine bure, kwa mafundi wa laptopu.

Soma namba, kisha pima pini

Nyuma ya paneli kuna lebo yenye namba ya modeli, kwa mfano B156XW02 au LTN156AT. Iandike yote pamoja na herufi za toleo, maana V.2 na V.6 za namba moja zinaweza kuwa na fremu au taa tofauti. Kisha hesabu pini za konekta. Paneli yenye taa za LED na konekta ya pini 40 mara nyingi ni LVDS, njia ya zamani ya kupeleka data ya picha. Yenye pini 30 na ya kizazi cha karibuni ni eDP, njia mpya zaidi, na hiyo haifanyi kazi na bodi ya LVDS bila kigeuzi chake. Wengi hutangaza paneli nzima kuwa imekufa kwa sababu hii tu. Paneli ya zamani ya pini 30 yenye kijiplagi cha waya mbili kando, mara nyingi ya waridi na nyeupe, ina mrija wa mwanga badala ya LED. Mrija huo huendeshwa na mamia ya volti na una zebaki ndani. Usiushike ukiwa umewashwa, na usiuvunje.

Kwa paneli ya kawaida ya LVDS ya pini 40 yenye pikseli 1366 kwa 768, pini 2 na 3 ni umeme wa kioo, volti 3.3. Jozi za data ni pini 8 na 9, 11 na 12, 14 na 15, na jozi ya saa, yaani mapigo yanayopanga data, ni 17 na 18. Pini 31 hadi 33 ni hasi ya taa, 35 ni ya kupunguza mwanga, 36 ni ya kuwasha taa, na 38 hadi 40 ni chanya ya taa, kwa kawaida volti 12. Kwa eDP ya pini 30, volti 3.3 iko kwenye 12 na 13, na volti 12 ya taa iko 26 hadi 29.

Chomoa kila kitu. Weka maltimita kwenye ohmu na upime kati ya pini mbili za kila jozi ya data, kisha jozi ya saa. Kila jozi ya LVDS ina rezista ya ohmu 100 ndani, kwa hiyo ukipata karibu 100 kwa zote nne, mlango wa data una dalili nzuri. Jozi moja ikionyesha ohmu chache tu, au ikiwa wazi kabisa, chipu ya kupokea data imeungua au konekta imeachia. Baada ya radi, na ukanda wa Kisii, Nandi na Kakamega unazijua radi, hiki ndicho kipimo cha kuanza nacho. Kinachukua dakika moja.

Upande wa bodi, kebo ikiwa imechomolewa kwenye paneli, washa bodi na upime volti inayotoka kwenye pini ya umeme wa kioo. Jampa ya bodi ina nafasi tatu: 3.3 kwa paneli za laptopu, 5 kwa za kompyuta ya mezani, 12 kwa za tivi. Usiamini maandishi yaliyochapwa kwenye bodi. Amini maltimita. Kisha kagua kebo. Pembetatu ndogo au doa kwenye konekta huonyesha pini ya 1, na kebo iliyogeuzwa hupeleka volti 12 za taa mahali pasipostahili.

Fyuzi na shoti

Paneli iliyopokea volti 12 badala ya 3.3 mara nyingi huokolewa na fyuzi yake, ikiwa mwenye kazi alizima haraka. Bandua plastiki nyeusi inayofunika ubao wa chini. Karibu na konekta utaona fyuzi mbili ndogo zilizoandikwa F1 na F2, au FU: moja ya kioo, nyingine ya taa. Fyuzi nzima husoma karibu ohmu 0.

Ikiwa imekatika, usiibadilishe kabla ya kutafuta kilichoikata. Pima ohmu kutoka upande wa ndani wa fyuzi hadi hasi. Ukipata makumi au mamia ya ohmu, endelea. Ukipata ohmu moja au mbili, kuna kapasita au chipu iliyopigana shoti. Weka pawasaplai kwenye volti 1 na kizuizi cha ampea 1, ingiza umeme mahali hapo, kisha dondoshea ubao alkoholi tone kwa tone. Unyevu hukauka haraka zaidi pale penye joto, na hapo ndipo penye shoti. Kapasita ndogo ya kahawia ikiwa ndiyo yenye kosa, iondoe na upime tena. Nyingi ziko sambamba na nyingine, na paneli itafanya kazi bila moja hadi upate mbadala. Ikiwa joto linatoka kwenye chipu kubwa ya katikati, paneli hiyo sasa ni ya vipuri.

Fyuzi ya kubadilisha itoe kwenye sehemu ile ile ya paneli iliyopasuka yenye namba sawa. Waya wa shaba si fyuzi. Shoti nyingine ikitokea, itachoma njia za saketi ambazo ni nyembamba mno, na hizo hazilehemiki.

Fyuzi zikiwa nzima na picha bado haipo, washa na upime vituo vya kupimia volti zinazoendesha kioo, vilivyoandikwa majina kwenye ubao. AVDD huwa kati ya volti 8 na 13, VGH takriban 18 hadi 25, VGL ni hasi, takriban 5 hadi 10 chini ya sifuri. VCOM huwa volti chache tu, karibu theluthi au nusu ya AVDD. Zote zikikosekana, chipu ya umeme haifanyi kazi. VGH au VGL ikikosekana peke yake, kioo hubaki cheupe au picha hufifia polepole. Kagua dayodi na kapasita zilizo karibu na kituo hicho.

Kufungua bila kuvunja

Hapa ndipo vioo vingi hufa. Chagua meza tambarare na utandike taulo safi. Kwa Nakuru, miezi ya ukavu yenye upepo wa vumbi, Januari na Februari hasa, funga madirisha na upulize maji kidogo hewani kwa chupa ya kunyunyizia ili vumbi litulie. Ukavu huo pia huleta umeme tuli, basi gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika ubao. Kisumu karibu na ziwa usifungue paneli jioni chini ya taa. Wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga, na mmoja tu akiingia kati ya karatasi atabaki kivuli cheusi katikati ya picha.

1. Piga picha kila upande, hasa jinsi tepu zilivyokunjwa. Bandua tepu za pembeni taratibu, ukizivuta sambamba na uso wa paneli.

2. Ondoa fremu ya chuma ya mbele. Ina vishikizo vidogo pembeni: sukuma kwa plastiki kimoja kimoja, usikunje fremu. Anzia upande ulio mbali na ubao wa saketi.

3. Achilia ubao kutoka nyuma, lakini uache umeshikamana na ndimi zake. Kuanzia sasa kioo na ubao ni kitu kimoja.

4. Andaa boksi bapa lenye kitambaa. Inua kioo na ubao kwa pamoja, mikono miwili, ubao ukiwa usawa mmoja na kioo. Ubao ukining'inia hata kwa sekunde chache, uzito wake huvuta ndimi na baadaye utapata mistari ya wima ambayo haikuwepo.

5. Karatasi za mwanga zina vijimasikio pembeni vinavyoingia kwenye fremu. Zitoe kwa mpangilio wake, moja juu ya nyingine, na utie alama kwa penseli kwenye sikio la kila moja: namba na upande unaotazama juu. Karatasi zenye mistari midogo zikigeuzwa, mwanga utapungua na hutajua sababu.

Mwanga uliokufa

Kabla hujalaumu taa, pima kinachozifikia. Pini 38 hadi 40 ziwe na volti 12, na 36 na 35 ziwe na takriban 3.3 bodi ikiwa imewashwa. Kwenye V59 waya hizi hutoka kwenye plagi ya pini 6 ya taa, na plagi hiyo ikichomekwa imeruka pini moja, taa hazitawaka kamwe.

Umeme ukifika na taa zisiwake, pima kapasita kubwa karibu na koili kwenye ubao wa paneli. Saketi hapo hupandisha volti 12 hadi takriban 25 hadi 35. Ukikuta 12 tu, saketi haipandishi, ama kwa sababu chipu yake imeungua au kwa sababu imejizima baada ya kuona mnyororo wa taa uliokatika. Chomoa utepe wa taa. Una pini moja au mbili za chanya zinazotumiwa na minyororo yote, na pini moja ya hasi kwa kila mnyororo. Weka pawasaplai kwenye volti 30, kizuizi miliampea 5, na uguse mnyororo mmoja mmoja. Mnyororo mzima utawaka kwa mwanga hafifu. Usiowaka ndio wenye LED iliyokatika.

Kulehemu LED moja kwenye utepe wenye upana wa milimita mbili tatu inawezekana, ila mara nyingi joto huharibu za jirani. Njia bora ni kutoa utepe wote wa paneli iliyopasuka yenye namba ile ile. Umebandikwa kwa gundi ya joto: upashe kwa kikausha nywele, uutoe kwa kuuvuta kwa urefu wake, usiukunje. Ukiurudisha, LED ziguse ukingo wa bamba la akriliki. Pengo la milimita moja huleta madoa ya mwanga chini ya skrini. Rahisi zaidi, kama fremu zinalingana, ni kuhamisha kioo chako kizima kwenye kitanda cha taa (fremu yenye taa, bamba na karatasi) cha paneli iliyopasuka. Hiyo ni kazi ya nusu saa na haihitaji kulehemu chochote.

Kwa paneli ya zamani ya mrija, seti ya utepe wa LED yenye bodi yake ya volti 12 inafaa: ikate ifikie milimita 344, ambao ndio upana wa picha wa inchi 15.6. Kata kwenye alama tu. Kabla ya kununua, pima unene wa bamba, maana utepe mpana kuliko bamba humwaga nusu ya mwanga kando.

Paneli iliyolowa

Paneli nyingi kutoka Nyando, Ahero na Budalang'i zimewahi kukaa kwenye maji ya mafuriko, na muuzaji anaweza asilijue hilo. Usiiwashe kwanza. Ifungue, osha karatasi moja moja kwa maji yaliyotiwa tone la sabuni ya vyombo, suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi, kisha zining'inize kwa masikio yake zikauke. Usisugue wala usifute uso wenye mistari, maana kila mkwaruzo utaonekana. Bamba la akriliki liguswe kwa kitambaa laini chenye maji tu. Alkoholi huweza kuliacha na nyufa ndogo. Ubao wa saketi ndio wa kusafishwa kwa alkoholi na brashi laini, hasa konekta, kisha uanikwe saa 24 mahali penye hewa. Tope la mafuriko linashika unyevu. Likiachwa chini ya chipu, litaila miguu yake ndani ya miezi michache.

Mistari

Safisha konekta kwanza, uichomeke tena, na ujaribu kebo nyingine. Rangi zikiwa kama negativu au zimepigwa mabaka kwenye picha nzima, tatizo liko kwenye programu ya bodi: paneli ya 1366 kwa 768 huhitaji programu ya chaneli moja, biti 6, na ile ya 1920 kwa 1080 huhitaji chaneli mbili. V59 hupokea programu hiyo kupitia flashi ya USB.

Mstari ukibaki, bonyeza taratibu kwa kidole ukingo wa chini, mahali ulimi unapoingia kwenye kioo. Ukiondoka unapobonyeza na kurudi unapoachia, gundi yenye chembe za chuma inayounganisha ulimi na kioo imelegea. Kiwandani gundi hiyo hushikizwa kwa mashine inayobana na kupasha hadi karibu nyuzi 170 hadi 200 kwa sekunde chache. Kifaa cha kulehemu hakina shinikizo sawa kila mahali. Kitapika chipu au kupasua kioo, kwa hiyo usikitumie hapo. Kata kipande cha mpira wa silikoni unene milimita 1, upana milimita 5, ukiweke juu ya ulimi huo, kati yake na fremu ya chuma, ili fremu ikifungwa ikibane. Mpira mzito kupita kiasi huleta wingu jeupe kwenye picha. Punguza hadi mstari upotee na wingu lisitokee. Marekebisho haya yanaweza kudumu, ila paneli ya aina hii usiifunge mahali panapotikisika, kama ndani ya matatu.

Mstari mmoja mwembamba usiobadilika hata ukibonyeza ni njia iliyokatika ndani ya kioo. Huo uvumilie, au tafuta kioo kingine.

Kubadilisha polaraiza

Kazi hii huonekana ngumu kuliko ilivyo, ila haitaki haraka. Filamu huuzwa kwa ukubwa na kwa pembe: 45 kwa paneli nyingi za laptopu za aina ya TN (zinazobadilika rangi ukiangalia kutoka pembeni), 0 au 90 kwa nyingi za IPS (zinazoonekana vizuri hata kutoka pembeni). Thibitisha mwenyewe. Washa paneli ionyeshe nyeupe, ulaze filamu mpya juu ya ile ya zamani, upande wa gundi ukitazama kioo, ngozi zake za kinga zikiwa bado. Mwanga ukipita vizuri, pembe zinalingana. Skrini ikiwa nyeusi, zimepishana kwa nyuzi 90. Upande wa gundi una uzito hapa, kwa sababu filamu ya 45 ikipinduliwa inakuwa 135, na utapata picha iliyogeuzwa rangi kama negativu baada ya kuibandika yote.

Zima, ondoa fremu ya chuma, laza paneli kwenye meza ngumu. Angalia ukingo wa chini kwa makini: kioo cha nyuma kimechomoza milimita chache kuliko cha mbele, na juu ya ukingo huo zimepita njia zote za kutoka kwenye ndimi. Wembe ukigusa hapo, kazi imekwisha. Anzia kona ya juu, mbali na ubao. Pasha kona hiyo kwa kikausha nywele hadi joto linalovumilika mkononi, nyuzi 50 hadi 60. Ingiza ukingo wa wembe ukiwa karibu bapa kabisa chini ya filamu, uinue milimita 10 tu, kisha uweke wembe kando.

Sasa ikunje filamu ijirudie na uivute ikilala juu ya uso, si kwenda juu. Kuivuta juu hupinda kioo. Mkono mmoja ukandamize kioo nyuma tu ya mstari inapobandukia, na msaidizi aendelee kupasha mbele yake. Sentimita moja kwa sekunde mbili tatu ni mwendo mzuri. Filamu ikikatika, anza tena kutoka kona nyingine ya juu.

Gundi itakayobaki ilowanishe kwa kitambaa chenye alkoholi, ukiache juu yake dakika 5, kisha ikwangue kwa kadi ya plastiki. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririke. Alkoholi ikiteremka kwenye kingo hulowesha karatasi za mwanga chini. Asetoni isikaribie, maana huyeyusha plastiki ya fremu. Rudia hadi kioo kiwe safi kila mahali. Ukiiwasha sasa utaona weupe mtupu bila picha, na ndivyo inavyopaswa kuwa: picha ipo, ila bila polaraiza jicho haliwezi kuiona.

Kubandika: funua ngozi ya upande wa gundi sentimita 3 tu, linganisha ukingo wa juu na kona zote mbili, bandika hapo, kisha shuka chini ukisukuma kwa kadi iliyofungwa kitambaa huku msaidizi akivuta ngozi chini yake. Chembe ya vumbi ikinaswa, inua filamu hadi hapo, ichukue kwa ncha ya tepu, endelea. Viputo vidogo visivyo na vumbi ndani hupotea vyenyewe kwa siku moja au mbili. Ngozi ya juu itoe mwisho kabisa. Filamu ya asili ya TN ilikuwa na tabaka la kupanua pembe ya kutazama, na filamu ya kawaida haina, hivyo tarajia rangi zififie mapema zaidi ukiangalia kutoka pembeni au chini. Anayekaa mbele ya skrini hataona tofauti kubwa.

Kufunga na kuunganisha betri

Rudisha karatasi kwa namba zake, kioo juu yake, fremu ya chuma, kisha tepu. Usiongeze tepu mahali ambapo haikuwepo, kwa kuwa unene wake hubana kioo.

Usiiunge V59 moja kwa moja na betri ya sola. Betri ikichajiwa jua la mchana hufika volti 14.4, na kapasita nyingi za bodi hizi ni za volti 16, nafasi ambayo ni ndogo mno. Usiku betri hushuka chini ya 12 na picha huanza kuzima. Weka kigeuzi cha kupandisha na kushusha, kilichorekebishwa volti 12.0 kwa maltimita kabla ya kuunganishwa, chenye uwezo wa ampea 2, na fyuzi ya ampea 2 karibu na betri.

Iache iwake kwa muda wa saa nne ikionyesha nyeupe, kisha nyeusi, kisha picha ya kawaida. Gusa nyuma ya ukingo wa chini: uvuguvugu ni sawa, joto linaloondoa kidole si sawa, na hapo rudi kwenye saketi ya taa. Acha nafasi ya milimita 10 kati ya bodi na kifuniko cha nyuma, toboa matundu juu na chini ili hewa ipite, na uyazibe kwa wavu wa chandarua uliobandikwa kwa ndani.